Hesabu za Entebbe: nani aliulizwa?

Leo umeme upo, basi tuandike haraka haraka.

Juzi nilimtembelea mzee mmoja wa Makanyagio, mwalimu mstaafu wa hesabu. Akanitolea kitabu kikuukuu cha seti, kurasa zimeliwa na mchwa. "Haya mambo yalianzia Entebbe," akaniambia. "Mimi nilikuwa nawatangulia wanafunzi ukurasa mmoja tu."

Nikaanza kuchimba. Kumbe wanahisabati wa dunia wana mkutano wao mkuu, ulioanza Zurich mwaka 1897. Paris, mwaka 1900, Mjerumani David Hilbert alitoa mhadhara ambao ulichapishwa ukiwa na maswali 23 ya kuumiza vichwa kwa karne nzima. Kwa kawaida hukutana kila baada ya miaka minne. Wamefika Kyoto (1990), Hyderabad (2010) na Rio de Janeiro (2018). Wa 2026 ukapangiwa Philadelphia. Afrika je? Hawajakanyaga hata mara moja!

Lakini upo mkutano uliokuja mlangoni kwetu. Mwaka 1962 Wamarekani, Waingereza na Waafrika walikaa Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa shule za Afrika. Uongozi ulitoka Marekani, ambako tangu Warusi warushe Sputnik mwaka 1957 "hisabati mpya" ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Vitabu vikajaribiwa kwenye baadhi ya shule, za kwetu zikiwemo. Nia ilikuwa njema. Ila walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, na mzazi aliyejua kujumlisha na kutoa hakuweza kumsaidia mwanae. Kenya ikaifuta hisabati mpya mwaka 1981.

Waafrika nao hawakulala. Chama cha Hisabati Tanzania kilianzishwa 1966. Umoja wa Wanahisabati wa Afrika ulizaliwa Rabat mwaka 1976, na kongamano lake la tatu likafanyika Nairobi mwaka 1991.

Siwalaumu waliokaa Entebbe, na Waafrika walikuwemo. Lakini nilipomuuliza mzee kama kuna aliyewahi kumuuliza darasani mambo yanakwendaje, alicheka tu: "Nani aje huku?"

Mitaala yetu imebadilishwa tena, kuanzia 2024. Je, safari hii mwalimu wa Mpanda, Mlele au Tanganyika ameulizwa? Wewe uliye darasani, hebu niambie.

Tuko pamoja.