Utrujja kwa Waislamu, Etrogi kwa Wayahudi

Utrujja hufanana na limau lililovimba: ganda nene lenye vinundu, ndani nyama nyeupe tele na maji kidogo. Asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, na limau lenyewe ni uzao wake na danzi. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Theophrastus aliandika kwamba tunda la utrujja haliliwi, ila likiwekwa kwenye nguo hufukuza nondo. Wachina wana aina iliyogawanyika vidole, mkono wa Buddha, wanayoiweka chumbani na madhabahuni kwa harufu yake.

Waliopita madrasa wanaijua hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Muumini asomaye Qur'ani ni mfano wa utrujja, harufu nzuri na ladha nzuri. Asiyeisoma ni tende, tamu isiyonukia. Mnafiki asomaye ni mrihani, unaonukia lakini mchungu. Asiyesoma ni handhala, tikiti chungu la jangwani lisilo na harufu.

Katika Vayikra Rabba, midrashi yaani kitabu cha ufafanuzi wa maandiko, wanazuoni wa Kiyahudi wanafafanua mimea minne inayoshikwa katika ibada ya Sikukuu ya Vibanda kwa mizani ileile. Etrogi, ambayo ndiyo utrujja, ina ladha na harufu: mtu mwenye Torati na matendo mema. Mtende una ladha pekee, yaani elimu bila matendo; mhadasi una harufu pekee; mwerebi hauna hiki wala kile.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Handhala hubaki peke yake na uchungu wake. Mwerebi hushikwa pamoja na wenzake, na ukikosekana ibada haitimii, kwani wema wa mmoja hufidia upungufu wa mwingine. Hata hivyo etrogi yenyewe haisamehewi: mnunuzi huikagua kwa kioo cha kukuzia, akitafuta doa, na ikiwa kishungi chake cha nchani kimevunjika, haifai tena. Tunda la mti uliopandikizwa nalo hukataliwa.

Sioni kwamba midrashi ina huruma kuliko hadithi. Hadithi inamsemesha mtu mmoja, ajipime kabla hajachelewa. Midrashi inausemesha umma mzima, usimtupe mtu wake. Mwalimu anayeifundisha hadithi hii awasomee wanafunzi na midrashi kando yake, kisha awaulize mwerebi ungewekwa wapi.