Kuchelewa chanjo si kuanza upya

Nilihamia Gilgil kutoka Mombasa mwanangu akiwa na miezi mitatu. Mizigo, baridi ya huku na kutafuta nyumba vilinipitishia siku yake ya kliniki. Wiki zikapita. Kile kijitabu cha mama na mtoto nikakisukuma chini ya nguo, naogopa kufokewa na kuambiwa mtoto achomwe zote tena.

Mwisho nilikwenda. Muuguzi alikifungua, akahesabu kwa kidole, akasema: "Mama, hatuanzi upya. Tunaendelea pale ulipoachia." Lau ningalijua, nisingalingoja miezi miwili.

Kwa wazazi wenzangu, uti wa ratiba ya Kenya ni huu:

Akizaliwa: sindano ya kifua kikuu na matone ya polio.

Wiki ya 6, 10 na 14: matone ya polio, sindano ya nimonia, matone ya rota ya kuzuia kuharisha, na sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio.

Miezi 9 na 18: surua na rubela.

Ratiba hukua. Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kuanzia miezi 9. Kaunti chache hutoa pia ya malaria au ya homa ya manjano.

Mbona mara tatu? Dozi ya kwanza huufunza mwili, zinazofuata hukaza somo. Kati ya dozi na dozi zipite angalau wiki 4. Ukichelewa, mwili hausahau ulichofunzwa, lakini mtoto hubaki na kinga nusu, na kifaduro huua zaidi watoto wachanga. Chanjo chache zina mpaka wa umri, kwa hivyo usijipangie mwenyewe, mwachie muuguzi.

Surua nayo hungoja kwa sababu kinga ambayo mtoto alipata kwa mamake akiwa tumboni huidhoofisha chanjo. Hata kwa miezi 9, katika watoto 100 hukingika takriban 85. Hao waliobaki ndio wanaotafutwa miezi 18, siku ambayo wengi wetu huisahau kwa kuwa mtoto ashatembea.

Ukihama, kijitabu kiwe mkobani, si kwenye mizigo. Kimepotea? Nenda hivyo hivyo. Mafua kidogo si sababu ya kubaki nyumbani, na chanjo za ratiba hazilipishwi katika vituo vya serikali.

Wangu alimaliza ya miezi 18 papa hapa Gilgil. Alilia, akanyonya, akalala. Kijitabu chake sasa kiko juu ya kabati, mahali pa kuonekana.