Tandatu, Mpungati, Kenda: Namba za Usukumani na Maandishi Yake

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, mawazo hukimbilia ngoma, mavazi, hadithi na methali. Hesabu tunaiachia darasa, kana kwamba ilikuja nchini pamoja na chaki. Lakini hakuna mtu aliyepata kuswaga ng'ombe kwenda mnadani Shinyanga, wala kulipa mahari, bila kuhesabu. Na maneno aliyohesabia yana umri mkubwa kuliko shule yoyote iliyopo katika nchi hii.

Kisukuma huhesabu kwa mashina haya: -bili, -datu, -ne, -tano, -tandatu, kisha mpungati, -nane, kenda na ikumi. Mwanafunzi ajuaye Kiswahili peke yake atayatambua mengi mara moja, ila atakwama penye sita, saba na tisa. Sababu yake ni kwamba Kiswahili kiliyaazima maneno hayo matatu kutoka Kiarabu, pamoja na ishirini hadi tisini, mia na elfu, katika karne nyingi za biashara ya Bahari ya Hindi. Kabla ya hapo Kiswahili nacho kilikuwa na tandatu, fungate na kenda. Kenda halijafa, washairi wangali wakilitumia. Fungate limejificha arusini, kwani asili yake ni zile siku saba za maharusi. Basi Msukuma asemapo mpungati, na bwana arusi wa pwani aendapo fungate, wametamka neno lile lile.

Wataalamu wa lugha hueleza kuwa tandatu ni tatu na tatu, na nane ni nne na nne. Hapo ndipo inapoeleweka kanuni ambayo walimu huifundisha bila kuitolea sababu: twasema watu watano na watu wanane, lakini watu sita, watu saba, watu tisa. Maneno ya nyumbani hufuata ngeli. Wageni hawakuvishwa viambishi.

Katika orodha ya Kisukuma niliyoitaja hakuna sifuri, na hilo si upungufu. Mtu hahesabu ng'ombe wasiokuwapo. Zizi likiwa tupu husemwa kuwa ni tupu. Ndiyo maana vitabu vya hesabu hutenga namba za kuhesabia, zinazoanza na moja, na namba nzima, zinazoanza na sifuri. Sifuri yatakiwa hasa pale mtu anapoandika, ili 15, 105 na 150 zisichanganyike. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake tupu, na alama zenyewe Waarabu walizipokea kutoka India kabla hazijafika Ulaya. Namna mbili za kuziandika zilikutana katika nchi yetu juu ya kipande kimoja cha shaba: pesa iliyotolewa na kampuni ya Wajerumani mwaka 1890 ilikuwa na mwaka huo upande mmoja kwa tarakimu za Kizungu, na upande wa pili ١٣٠٧, yaani 1307 wa Hijria.

Pesa hizo 64 zilifanya rupia moja. Namba 64 si ya kubahatisha: hugawanyika nusu kwa nusu, 32, 16, 8, 4, 2, hadi kufikia moja, bila kubaki kitu. Robo na thumuni zilikuwa hesabu za kichwani. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia kuwa heller 100, na baada yao Waingereza wakaleta shilingi ya senti 100. Mia ni rahisi kuandika, lakini igawe nusu mara tatu nawe umekwisha pata 12½. Thumuni, ambayo kwa haki ni sehemu ya nane, ikaishia kuwa jina la senti 50, ambazo ni nusu!

Mambo haya yangekuwa ya kupendeza tu kama yasingegusa jasho la watu. Usukumani yaligusa pamba. Mkulima alibeba mzigo hadi kwa mnunuzi, mshale wa mizani ukatikisika, mtu mwingine akausoma na kuandika namba. Mzigo aliuona mkulima mwenyewe, namba hakuiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kuwakagua wanunuzi, na kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, ukazaliwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria. Wengi husimulia habari za ushirika huo kama habari za siasa. Mimi naona kwanza ulikuwa ugomvi juu ya nani asome mizani.

Ushirika nao ulikuwa na daftari lake, na ndani yake mkulima alikutana na namba ya aina nyingine. Mtu aliyekopa mbegu na dawa, kisha mvua ikamnyima, aliona mbele ya namba yake alama ya kutoa. Wazee walilijua deni siku zote. Kuliandika kuwa -40 ndilo lililokuwa jipya. Mradi wa elimu ya watu wazima ulioanzishwa mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ulifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu pamoja na kilimo chenyewe, nao ulifanya vyema, maana mwanafunzi wa miaka hamsini alikuwa na sababu yake ya kuijua alama ile.

Geita, ambako mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na ambako uchimbaji mkubwa ulirudi mwaka 2000, namba ni ndogo na thamani yake ni kubwa. Wachimbaji wadogo hupima kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu: gramu 2.3 ni gramu mbili na pointi tatu. Nukta ikihama nafasi moja, kazi ya mwezi yageuka kazi ya siku tatu. Wakia nayo ina mtego wake, kwa kuwa wakia ya dhahabu ni gramu 31.1 na ile ya bidhaa nyingine ni gramu 28.35, hali jina ni moja. Usafi wa dhahabu huhesabiwa kwa sehemu 24 ziitwazo karati. Pete ya karati 18 ni 18/24, au 3/4, au 0.75, au asilimia 75, na sonara huigonga muhuri wa 750. Yote hayo ni namba moja iliyovaa nguo tano.

Karati 8 haikubali kuvishwa hivyo. Ni 8/24, ambayo ni thuluthi. Ukiiandika kwa desimali hupata 0.333 na tatu zisizokoma. Muhuri wake ni 333, na kile kisichoandikika huachwa. Tangu Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa mjini Geita, muuzaji hukaa mbele ya mizani ya umeme na kuisoma kwa macho yake, naye humwambia mwenzake kwa Kisukuma ilichosema.