Kanuni ya Unguja na sisi watu wa Kasongo

Neno "kanuni" tunalisikia kila siku katika seminari. Kuna kanuni ya imani, kuna kanuni za Kanisa, kuna na kanuni ya nyumba inayotuamsha asubuhi kwa kengele. Lakini huko Unguja neno hilohilo ni jina la chombo cha muziki chenye nyuzi zaidi ya 70. Wala si ajabu, maana maneno hayo mawili ni ndugu. Yote mawili yalitoka kwa Wagiriki, walioita "kanon" fimbo iliyonyoka ya kupimia. Yakapita kwa Waarabu mpaka yakafika pwani. Tutaeleza hapa habari za chombo hicho, na za chama cha watu wa mji walioshika kazi ya kukitunza na kukipiga tangu mwaka 1905. Tena tutaona kwa nini habari hiyo inatuhusu sisi wa Kasongo na Kabambare.

1. Njia ya pembe

Nani kwetu hajasikia jina la Tippu Tip? Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja. Katika miaka ya 1870 aliufanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa. Njia ya misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, na mwisho Unguja. Kwa njia hiyo zilikuja nguo, na mbegu za mpunga, na lugha hii tunayoiandika sasa. Kwa njia hiyo pia zilikuja bunduki, na watu wetu wengi walifungwa minyororo wakachukuliwa, wasirudi tena. Hatuwezi kusimulia la kwanza na kuficha la pili.

Mali iliyotafutwa huku kuliko zote ilikuwa pembe za ndovu. Hakukuwa na gari. Pembe zilikwenda juu ya mabega ya watu. Zilipofika Unguja, serikali ya Sultani ilitoza ushuru. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, alipata utajiri wake katika ushuru wa pembe na wa karafuu. Mwaka 1883 alijenga Beit el-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Inasimuliwa kwamba alipenda sana muziki wa Misri, akawaita wapigaji wa huko wapige mbele yake, kisha akamtuma mtu mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Kairo kujifunza kanuni. Huyu aliporudi akafundisha wengine. Hivi ndivyo, kwa masimulizi ya Unguja, taarabu ilivyoanza: iliimbwa kwa Kiarabu, tena ndani ya nyumba za wakubwa.

Basi tufahamu vizuri. Muziki ule haukuwa wa bure. Sehemu ya bei yake ililipwa na mabega ya babu zetu, wala wao hawakukaribishwa kuja kuusikiliza.

2. Chombo chenyewe

Kanuni ni sanduku la mti, jembamba, lenye upande mmoja ulionyoka na upande mwingine uliokatwa kwa mshazari. Mpigaji huliweka juu ya magoti au juu ya meza. Nyuzi zimepangwa tatu-tatu, na kila tatu hutoa sauti moja. Upande wa kulia nyuzi hupita juu ya daraja la mti, na miguu ya daraja hilo hukanyaga ngozi iliyowambwa, kama ngozi ya ngoma. Ndiyo sababu sauti yake inalia na kuenea. Upande wa kushoto kuna vyuma vidogo ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza kusudi apandishe au ashushe sauti kidogo. Mpigaji huvaa pete katika vidole vya shahada, na katika kila pete huchomeka kipande chembamba cha kuchokolea nyuzi.

Hebu fikirini kazi yake. Kabla ya wimbo mmoja, nyuzi zote 70 na zaidi zinakazwa na kulinganishwa. Kesho hewa ya bahari imezilegeza, kazi inaanza tena. Chombo cha namna hiyo hakivumilii uvivu. Ukikifungia kabatini miaka mitano, utakuta ngozi imepasuka na mti umepinda. Kumbe, kukipiga ndiko kukitunza.

3. Chama cha mwaka 1905

Sisi tunajua mwisho wa mambo ya Tippu Tip huku kwetu. Kasongo ulitwaliwa na askari wa Dhanis mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka mwezi wa Januari 1894. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja, akafa huko mwezi wa Juni 1905. Mwaka huohuo vijana wa mji wa Unguja walianzisha chama cha muziki, wakakiita Nadi Ikhwani Safaa. Jina hilo walilitwaa kwa wenye hekima wa Basra wa zamani, na maana yake ni ndugu wenye usafi wa moyo. Waliagiza vyombo Misri, wakafanya mazoezi pamoja, wakawapigia watu katika arusi na sikukuu.

Hapa ndipo muziki ulipotoka mikononi mwa Sultani na kuingia mikononi mwa ndugu. Mtu mmoja wa chama hicho alimfundisha Siti binti Saad, mwanamke maskini wa kijiji cha Fumba. Siti aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Baadaye vyama vyenyewe navyo vikaimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo wimbo wa nyumba ya wakubwa ukawa wimbo wa watu wote.

Januari 1964 yakaja mapinduzi. Sultani akakimbia, ufalme ukaisha. Chama je? Kilibadilishwa jina, kikaitwa kwa mtaa wake wa Malindi, lakini watu wake waliendelea kukutana, na halafu jina la kwanza likarudi. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikaja vinanda vya umeme, ambavyo mtu mmoja anavipiga mahali pa kumi. Wapigaji wa kanuni wakapungua. Hata hivyo mwaka 2005 Ikhwani Safaa kilitimiza miaka 100, na toka 2002 kuna chuo cha muziki Unguja ambapo vijana, wavulana kwa wasichana, wamefundishwa kanuni.

4. Mfano wa mbali

Jambo hili si la Unguja peke yake. Huko Marekani, wakati sinema zilipokuwa bubu, nyumba kubwa za sinema ziliwekwa vinanda vya mabomba, kama vya makanisa, kusudi mpigaji mmoja alete sauti ya mvua, ya vita na ya kilio. Kiwanda cha Wurlitzer peke yake kilitengeneza zaidi ya 2,000. Toka mwaka 1927 picha zikaanza kusema, vinanda vikanyamaza. Vingi vikauzwa au kuvunjwa. Nani aliviokoa vilivyobaki? Si wenye sinema. Waliviokoa watu waliovipenda: mwaka 1955 walifanya chama chao Los Angeles, na mpaka leo vyama vya namna hiyo vinatengeneza vinanda vya zamani na kuvipiga mbele ya watu.

5. Tufanye nini?

Chombo kinachokaa kwa tajiri mmoja hufa pamoja na tajiri. Chombo kinachokaa kwa ndugu wenye siku ya kukutana, wenye mwalimu na wanafunzi, wenye watu wa kuwapigia, huvuka hata mapinduzi. Yaani kanuni ya nyuzi iliokolewa na kanuni ya chama.

Na sisi je? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisifu kinanda cha mabomba, na palepale ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa. Vijijini mwetu kuna ngoma ya mti iliyochongwa tundu, inayosema maneno ya lugha zetu na kusikika mbali. Ngoma zenyewe tutapata mti wa kuchonga nyingine. Lakini yule mzee anayejua maneno yake, tutamchonga wapi? Ninyi mtakaokwenda nyumbani wakati wa likizo, msiishie kumsalimu na kumsifu. Mwombeni awafundishe vijana wawili au watatu, tena kwa siku iliyowekwa, kila juma. Ikhwani Safaa nao walianza kwa kukutana.