Miswada, Vyuo na Hati: Habari za Kukusanywa kwa Maandiko ya Kale ya Pwani

Neno mswada latumika leo katika Kiswahili kwa maana mbili. Bungeni, mswada ni pendekezo la sheria ambalo halijapitishwa. Maktabani, mswada ni kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono. Maana ya kwanza ndiyo iliyo karibu na asili, kwani musawwada kwa Kiarabu ni rasimu, yaani karatasi iliyotiwa weusi wa wino na ambayo bado yangoja kusafishwa. Maana ya pili imezoeleka, wala hatukusudii kuipiga vita. Hata hivyo, tulipokuwa tukifuatia namna maandiko ya kale ya pwani yalivyokusanywa, tuliona kwamba jina hili moja limefunika vitu visivyofanana: waraka wa mfalme, daftari la mwalimu wa chuoni, na nakala safi iliyoandikwa kwa ujira ili isomwe na mgeni aliyeko ng'ambo. Mfasiri au mtunga istilahi anayetaka kutoa ushahidi wa neno katika maandiko hayo hana budi kujua ni kipi kati ya hivyo alichokishika mkononi.

Katika maandiko ya Kiswahili yenye tarehe ya hakika, yale yanayojulikana kuwa ya kale zaidi hayakuhifadhiwa pwani kwetu. Ni barua za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kupelekwa kwa Wareno, nazo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, huko India. Miongoni mwake zimo barua za Kilwa za mwaka 1711. Zilinusurika kwa sababu aliyeandikiwa alikuwa na ofisi iliyotunza majalada, na huenda wenzake wengi wa barua hizo waliobaki pwani wameliwa na mchwa. Basi hata kabla hajatokea mtu wa kujiita mkusanyaji, kulikuwa na makusanyo yaliyofanywa na urasimu, bila ya mapenzi yoyote kwa lugha.

Mkusanyaji wa kwanza kwa maana tunayoizoea ni mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1854 maandiko aliyoyapata yalifika Halle, Ujerumani, kwa chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Mojawapo lilikuwa utenzi wa vita vya Mtume na Herekali, ambao katika kazi za wataalamu hutajwa kwa mwaka wa 1728. Kwa wasomaji wa jarida hili, jina la andiko hilo lina uzito kuliko safari yake. Liliitwa Chuo cha Herekali. Wenyewe walioliandika na kulisoma hawakuliita mswada. Waliliita chuo, na chuo kwao kilikuwa kitabu. Mahali pa kufundishia vitabu hivyo pakapata jina lile lile, na leo maana ya mahali imeifukuza maana ya kitabu, hata mwanafunzi akisikia "vyuo vya kale" hufikiria majengo.

Tarikh za miji zilikuwa na bahati mbalimbali. Ile ya Kilwa, iliyotungwa kwa Kiarabu, imetufikia kwa njia mbili: muhtasari uliomo katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, na nakala ambayo Sayyid Barghash alimpa John Kirk, na ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Habari za Pate zilipatwa na mkasa mkubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba andiko la asili lilipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo. Tulizo nazo ni nakala zilizofanywa baadaye, nyingi zikitokana na kumbukumbu ya mzee mmoja, Bwana Kitini, nazo hazikubaliani katika miaka wala katika mpangilio wa wafalme. Mwalimu anayewapa wanafunzi wake orodha ya wafalme wa Pate kana kwamba imenakiliwa kutoka daftari la ikulu anawapotosha bila ya kukusudia.

Mombasa ndiko ukusanyaji ulikofanywa kwa uangalifu wa lugha kuliko mahali pengine, na sifa hiyo tunadhani wamepewa wasiostahili peke yao. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hutajwa pamoja na jina la W. E. Taylor, na baadaye la William Hichens, aliyeyachapisha Johannesburg mwaka 1940. Lakini aliyeyatafuta, akayaandika na kumweleza Taylor maana zake ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Muyaka mwenyewe alikwisha kuwa kaburini kwa miongo kadhaa, na mashairi yalikuwa yakiishi vinywani mwa watu. Kwa hiyo karatasi zilizoko London katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika hazina mkono wa Muyaka. Zina sikio la Sikujua, na twaona hilo si jambo dogo.

Tumetaja sikio kwa makusudi. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa pwani kwa karne nyingi, hazikuwa na herufi za p, v, ch wala g, na alama za irabu ni tatu tu. Herufi ya b ilibeba b, p na mb kwa pamoja. Alama moja ilisimama kwa u na o, nyingine kwa i na e. Neno lililoandikwa kuku huweza kusomwa kuku, koko au kuko. Na lililoandikwa baba huweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Msomaji mzawa hakusumbuka, kwa sababu utungo alikwisha kuujua kwa moyo na karatasi ilimkumbusha tu. Aliyesumbuka ni mhariri wa Ulaya miaka hamsini baadaye, asiye na Sikujua wa kumuuliza. Taylor aliongeza alama ili kutenganisha sauti hizo, pamoja na zile t mbili za Kimvita ambazo alfabeti yetu ya leo imezichanganya. Wengi hawakufanya hivyo. Kisha matini zao za Kirumi zikaingia katika kamusi, na kamusi zikawa chemchemi ya istilahi.

Hapa ndipo tunapotaka watunga istilahi wasimame kidogo. Tunakubaliana na msimamo wa marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, kwamba kabla ya kukopa nje tutafute katika lahaja na katika Kiswahili cha kale. Neno lake runinga, lililoundwa kwa rununu na maninga, yaani macho katika lugha ya washairi, limeingia katika matumizi ya watu nchini Kenya. Lakini Nabhany alilelewa ndani ya tungo hizo. Maninga hakuyapata kwa kusoma tu. Anayetafuta maneno ya kale katika kitabu kilichochapwa, naye hana malezi hayo, ana wajibu wa kurudi kwenye picha ya andiko lenyewe na kuona ni herufi gani zilizoandikwa. Neno lililosomwa vibaya likipewa kazi ya istilahi, laweza kudumu katika vitabu vya shule hata baada ya kosa kugunduliwa.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye wengine huandika Kijumwa, ana fungu lake peke yake. Alikuwa mchonga milango, mwanamuziki, mshairi na mnakili mwenye mwandiko mzuri sana, na mpaka alipofariki mwaka 1945 alikuwa amewanakilia Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya tunachokiita fasihi ya kale ya Lamu imepita katika kalamu yake. Maandiko aliyoyanakili ni safi, yamepambwa, na mara nyingine yana maelezo pembeni kwa ajili ya mnunuzi asiyeijua lahaja. Kuyaita miswada, tukikumbuka maana ya rasimu, ni kinyume kabisa cha vile yalivyo. Tena Kijuma hakuwa mashine ya kunakili. Alikuwa mtunzi, na mtunzi akinakili huweza kutengeneza. Hatusemi haya kumshusha. Bila yeye tungekuwa maskini. Twasema tu kwamba nakala ya mwaka 1930 na kitu ni ushahidi wa mwaka 1930 na kitu kwanza, na ushahidi wa karne ya 18 baada ya kupimwa.

Baada ya uhuru kazi ilihamia kwetu. Orodha ya maandiko na kanda zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa Leiden mwaka 1970, nayo bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Lamu, maandiko ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha katika muongo wa 2010 kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na vitabu vyenyewe vikabaki msikitini. Utaratibu huu tunauunga mkono kuliko ule wa zamani. Vitabu vingi vya pwani ni wakfu, navyo kisheria havina wa kuviuza. Mnunuzi anayelipa fedha nyingi hajawa mmiliki. Kadhalika wako wanaolaumu familia kwa kuzika au kuchoma kurasa chakavu. Kurasa zenye maneno matukufu hufanyiwa hivyo ili zisikanyagwe, na anayetaka kuzinusuru yampasa afike mapema, akiwa na kamera na adabu.

Kuhusu maneno ya kazi yenyewe, tunapendekeza mswada ubakie na rasimu na mambo ya Bunge, na andiko la kale liitwe hati ya mkono, tukijua kwamba hati pia ni mwandiko na ni cheti, na kwamba huenda wasomaji wakapata lililo bora. Mnakili tayari ni neno jepesi. Kwa ile sehemu ya mwisho wa kitabu ambapo mnakili hutaja jina lake, mji wake na siku aliyomaliza, hatuna haja ya kuunda neno jipya. Wanakili walifungia hapo kwa tammat, imekwisha, na Kiswahili kikaipokea kuwa tamati. Tunashauri sehemu hiyo iitwe tamati ya mnakili. Na mwalimu atakayeonyeshwa hati nyumbani kwa mwanafunzi wake aanze kuisoma hapo, aandike jina la mnakili, tarehe ya hijra kama ilivyo, mji, na jina la mwenye nyumba iwapo ameridhia, kabla hajauliza kitabu chahusu nini.