Namba Kumi wa Ng'ambo

Mwaka 1965 ubingwa wa ligi ya taifa ulikuja Mombasa. Ligi yenyewe ilikuwa changa: Nakuru All Stars walikuwa wameutwaa 1963, Luo Union 1964, na zamu hii ulichukuliwa na Feisal. Hadi leo hakuna timu nyingine ya Pwani iliyofika hapo. Wazee wa mji wakilitaja jina la Feisal, au la Liverpool ya Mombasa iliyokuja kuitwa Mwenge, huanza na magoli, wakapanga kikosi kizima mstari kwa mstari, wakabishana juu ya mchezaji Ali Kajo. Mimi huwasikiliza kwa hamu, kisha huuliza jambo moja ambalo kwa kawaida hupitwa: Jumatatu asubuhi, watu hawa walikuwa wapi?

Walikuwa kazini. Nauliza kwa sababu nimezaliwa Chaani, Changamwe, binti wa kuli wa bandarini, na maisha yangu ya ualimu nimeyamalizia viwanjani, Likoni kwanza, kisha Kisauni, nikifundisha michezo katika shule za sekondari. Nimeona vijana wengi wa ng'ambo, upande wa bara wa Mombasa, waliojaliwa mpira. Namba kumi mzuri humjui kwa chenga. Msimamie pembeni mwa uwanja umtazame shingo: kabla mpira haujamfikia ameshageuka mara mbili, kushoto na kulia, ameshajua beki yuko wapi na winga anakimbilia wapi. Mpira ukitua mguuni, uamuzi umeshakatwa. Kijana wa aina hiyo akitokea, mtaa mzima huanza kumhesabia Harambee Stars, na kutoka hapo Ulaya. Mimi historia ya upande wetu wa bara imenifundisha kuanza kwingine. Huuliza ni nani atakayemwandika kazi.

Bandari ya Kilindini kwa muda mrefu iliendeshwa na vibarua. Mtu aliamka alfajiri, akavuka au akatembea kutoka Changamwe, hajui kama jina lake litaitwa. Mgomo mkuu wa Januari 1947 uliusimamisha mji mzima, na ule wa makuli wa Machi 1955 ukazisimamisha gati. Katika miaka hiyo waajiri walianza kukubali kwamba kuli wa kudumu, mwenye mshahara wa mwezi, ana faida kuliko kuokota watu langoni kila siku. Kampuni ya Landing and Shipping, ambayo kila mtu aliiita Lasco, ilikuwa miongoni mwa waajiri hao, na mwaka 1960 timu ya mpira ya Lasco ikazaliwa. Timu hiyo ndiyo chimbuko la Bandari FC ya leo. Baada ya jina la Lasco likaja la Cargo, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na Mamlaka ya Bandari ya Kenya kuundwa mwaka uliofuata, jina likaelekea huko huko gatini, likawa Bandari.

Marehemu baba yangu hakuichezea timu hiyo, lakini alifanya kazi bega kwa bega na waliochezea, na masimulizi yake yalikuwa ya mtu aliyeona. Mkubwa mmoja wa idara angekuja Jumapili kutazama mechi ya mtaa, mechi ambayo zawadi yake ni mbuzi. Jumatatu kijana ameitwa ofisini. Hapo ndipo shule ilipotia mkono wake. Aliyekuwa na cheti cha sekondari aliwekwa kuwa karani wa kuhesabu mizigo, akae kivulini na daftari lake. Asiyekuwa nacho alipewa kazi ya nguvu. Gunia la kahawa lina kilo 60. Mtu aliyelibeba zamu ya usiku, akalala saa chache, kisha akaenda mazoezini saa kumi jioni, magoti yake yalikuwa na miaka michache tu ya kutoa. Baba aliwataja wawili wa rika lake, mmoja fundi wa pasi kuliko mwenzake, na aliyedumu kwenye kikosi akawa yule mwingine. Alikuwa amesoma. Nalirudia jambo hili kwa wanafunzi wangu bila kuchoka, kwa kuwa mtaani hadithi husimuliwa kinyume: kwamba kitabu humpunguzia mchezaji mpira. Kwetu Changamwe kitabu kilimwondolea mchezaji gunia begani.

Mfumo huo ulikuwa na heshima yake, nami nautetea waziwazi. Mchezaji hakuitwa wa kulipwa, lakini alilipwa; alikuwa na likizo, na alipotundika daluga akiwa na miaka thelathini na kitu, Jumatatu iliyofuata bado alikuwa na meza yake. Mpira ulimwingiza, kazi ikamlea mpaka pensheni. Wapo wazee Port Reitz na Mikindani wanaoishi katika nyumba walizojenga kwa njia hiyo.

Lakini ili uandikwe lazima kwanza uonekane, na wa ng'ambo alionekana kwa shida. Viwanja vikubwa vyote vilikuwa kisiwani, ule wa Manispaa na wa Mbaraki. Kijana wa Kisauni, kabla ya daraja jipya la Nyali kufunguliwa 1980, alitegemea lile la kuelea lililowekwa 1931, ambalo lilikuwa la kulipia. Wa Changamwe ndiye aliyekuwa na nafuu, kwa sababu ya njia ya Makupa, na kwa sababu kazi zenyewe zilimfuata nyumbani: reli, uwanja wa ndege, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963. Wa Likoni alikuwa na feri, na feri haina ratiba ya mpira. Mazoezi yakianza saa kumi Mbaraki, mwanafunzi wa Likoni lazima atoke darasani kabla ya kengele. Kikiharibika kimoja kati ya vyombo, amekwisha. Nimepata kumtetea mwanafunzi mbele ya kocha aliyekwisha kumfuta kwa kuchelewa, na kocha alikuwa na haki, na mwanafunzi alikuwa na haki. Kati yao palikuwa na maji ya Kilindini. Msiba wa kuzama kwa feri ya Mtongwe, Aprili 1994, uliochukua watu 272, uliwafanya wazazi wengi wa upande ule wasitake kabisa mtoto avuke kwa ajili ya mchezo. Sikuwahi kumlaumu mzazi hata mmoja.

Njia ya pili, baada ya kazi ya bandarini, ilikuwa Ghuba. Mahmoud Abbas, kipa wa Mombasa aliyevuma AFC Leopards hadi akaitwa Kenya One, ndiye aliyekuwa langoni mwaka 1982 kule Kampala, Kenya ilipoishinda Uganda kwa penalti katika fainali ya Kombe la Chalenji. Lilikuwa la pili kati ya makombe matatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Kisha akaenda kucheza Oman. Kwa mtu wa Mombasa safari hiyo haikuwa ya ajabu. Maskati kulikuwa na jamaa, Kiswahili kilisikika madukani, chakula na swala vilikuwa vile vile. Tangu hapo kila mtaa wa bara una kijana aliyeambiwa atapelekwa Uarabuni, na kila mtaa una mzazi aliyetoa pesa kwa wakala, pasipoti ikatengenezwa, siku ya safari ikasogezwa na kusogezwa mpaka simu ikazimwa. Mmoja wa wazazi hao alikuwa amemuuza ng'ombe. Tulikaa naye barazani, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Nimewahi kulinganisha mambo haya na ya Marekani, ambako mpira wao ni futiboli ya Kimarekani, ya kushika kwa mikono, na ambako mchezeshaji, kwotabeki, hupikwa chuoni. Kule chuo ndicho ngazi. Timu 32 za ligi kuu hukaa kila mwaka na kuchagua vijana wa vyuo kwa raundi saba, mmoja baada ya mwingine, utaratibu ulioanza 1936. Mtu angedhani penye utaratibu kama huo hakuna kubahatisha. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka huo wa 1936, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. JaMarcus Russell, kwotabeki aliyechaguliwa wa kwanza 2007, alidumu misimu mitatu. Tom Brady wa Michigan aliachwa mwaka 2000 mpaka namba 199, na akaja kuwapita wote. Kwa hesabu za chama cha michezo ya vyuo cha huko, kati ya wachezaji mia wa vyuoni hawafiki hata wawili wanaoingia ligi ya kulipwa. Daniel Adongo, Mkenya, aliingia Indianapolis Colts 2013 akitokea raga, bila kupita kwenye timu ya chuo chochote cha Marekani. Kama wao, wenye makocha na kamera na mizani ya kila kitu, wanakosea hivi, basi mwalimu wa Kisauni anayemwambia mzazi "huyu lazima afike" anasema asichoweza kukijua. Tofauti kubwa ni kwamba kijana wa kule akikosa, kama amesoma kweli, anabaki na digrii. Hapa kwetu mfano ninaoupenda ni wa Joe Masiga, aliyesomea udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Nairobi huku akifunga magoli kwa AFC Leopards na Harambee Stars. Hakuwa mtu wa Pwani, lakini huwatajia wanafunzi wangu kila muhula.

Miaka ya 1990 ngazi yetu ilikatika. Mashirika ya umma yalipunguza watu, na karani aliyeachishwa hakuacha nafasi kwa mchezaji mpya. Kisha ukaja Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, familia nyingi zikahama, na viwanja vikabaki nyasi. Shule yangu ya wakati huo ilipoteza wanafunzi wa kikosi kizima kwa wiki chache, wengine wakarudi bara kwa wazazi wao, Nyanza na Magharibi, na sikuwaona tena. Bandari nayo iliporomoka, ikakaa nje ya ligi kuu hadi iliporejea msimu wa 2013. Mwaka huo huo wa 2013 kiwanda cha mafuta cha Changamwe kikaacha kusafisha mafuta.

Kurejea kwa Bandari kulikuwa kuzuri. Ilichukua ngao ya taifa 2015, na tena 2019 kwa kuwafunga Kariobangi Sharks. Januari 2019 iliwatoa Simba pale pale Dar es Salaam katika nusu fainali ya kombe la SportPesa, na siku ile Kisauni ilipiga honi mpaka usiku. Bernard Mwalala alikuwa kocha. Kipa Farouk Shikalo alitoka hapo akasajiliwa na Yanga. Lakini timu ilipoingia mashindano ya Shirikisho la Afrika mwaka huo, ilibidi ikawapokee wageni wake Nairobi, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja uliokubalika. Ule wa Manispaa ulikuwa umefungwa kwa ajili ya ujenzi. Kijana wa Likoni aliyekuwa akivuka feri kwenda kuwatazama alitakiwa sasa apande basi usiku kucha.

Bandari ya leo husajili kutoka Kenya nzima, Uganda na Kongo, na hivyo ndivyo timu inayotaka vikombe inavyofanya. Namba kumi wa shule ya Shanzu au Mtongwe sasa anagombea nafasi na mtu mzima aliyekwisha kucheza ligi mbili. Zamani alishindana na jirani yake. Kwa hiyo muda anaohitaji umerefuka, na muda huo hauna wa kuulipia. Hapo ndipo tunapowapoteza. Wengi hupotea wakiwa na miaka kumi na tisa, kidato cha nne kimekwisha, nauli haipo, na bodaboda ya kukodi iko mlangoni inalipa kila jioni. Mguu haujawapungukia kitu.

Mwaka huu ninaye mmoja, anaishi Mtongwe, na shingo yake inageuka mara mbili. Timu moja ya daraja la chini imemwahidi nauli na chakula. Upande wa pili ana nafasi ya kozi ya ufundi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikiwa MIOME, chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu. Mama yake alikuja shuleni na buibui lake likiwa na vumbi la barabara, akakaa, akanisikiliza nikimweleza habari za Lasco, za makarani na makuli, na kwa nini nadhani mwanawe aichukue kozi kwanza na timu aichezee humo humo. Hakuwa na shida na kozi. Alitaka kujua wanafunzi wa ufundi hutoka darasani saa ngapi, kwa sababu mazoezi ni saa kumi na feri anaijua. Nilimwambia, "Hilo nitakwenda kuliuliza mwenyewe, mama. Nikilipata nitakupigia." Wanatoka saa tisa na nusu, isipokuwa Jumatano, siku ya karakana, na kocha amekubali kumwachia Jumatano.