Ubavu Uliomo katika Katlesi

Kitenzi cha Kifaransa croquer kimetokana na mlio wa meno yavunjapo kitu kikavu. Ni tanakali ya sauti, kama lilivyo neno pikipiki katika Kiswahili. Kwa kukipachika -ette, kiambishi kidogoshacho kama ki- ya kijiji, Wafaransa wakapata croquette: kidude kinacholia kitafunwapo. Jina hilo halitaji kilichomo ndani. Lataja ganda tu. Kamusi moja ya Kiingereza ya mwaka 1706 yaeleza kuwa ni mchanganyiko wa kujazia, mwengine ukubwa wa yai. Mbatata haitajwi. Wala si ajabu, kwani hata mwishoni mwa karne hiyo mfamasia Parmentier bado alikuwa akiwabembeleza Wafaransa waila.

Neno likasafiri: Uhispania likawa croqueta, Uholanzi kroket, na Waholanzi wakalifikisha Indonesia; Wajapani husema korokke.

Unguja chakula chenyewe kipo, jina halipo. Mbatata hupondwa, ikatiwa kima katikati, ikatoswa katika yai na kukaangwa, ikaitwa katlesi. Nasaba ya jina hili ni nyengine kabisa. Asili yake ni cutlet ya Kiingereza, nayo yatoka kwa Wafaransa hao hao: côtelette, ubavu mdogo, mjukuu wa costa ya Kilatini. Waingereza walilisikia neno kana kwamba lina kitenzi chao cha kukata, wakaliandika hivyo. Katika Bara Hindi mfupa ukatoweka, jina likabakia juu ya kiazi kilichopondwa, na kwa njia hiyo likavuka bahari. (Mbatata nayo ni ya Wareno, kima ni ya Wahindi.)

Hapa ndipo mfasiri wa hadithi ya futari apatapo taabu. Akirudisha cutlet, msomaji wa London atatazamia kipande cha nyama, pengine na mfupa wake. Akiandika croquette, sahani itakuwa sawa, ila safari nzima ya Bara Hindi itafutika. Tena katlesi iliyotoswa katika yai tupu, bila chenga za mkate, ina ganda laini lisilolia. Jina moja lataja mfupa usiokuwamo, la pili mlio usiosikika. Heri aiache katlesi iitwe katlesi.